Kishubaka cha Mkono wa Kushoto

Hebu mtie machoni kwanza, kabla sijakuambia lolote. Pikipiki imesimama njia panda ya Myanga, kwenye vumbi la saa nane mchana, na mama wa miaka sitini na mitatu anashuka taratibu. Mkono wake wa kulia umening'inizwa shingoni kwa leso. Wa kushoto umemkumbatia kuku wa kahawia aliyefungwa miguu. Mwenye pikipiki anataka kumshikia kuku, anakataa. Anataka kumbebea mfuko. Anakataa tena, na kabla ya kwenda zake anaufungua na kuchungulia ndani, kana kwamba sukari ingeweza kuteremka njiani yenyewe bila yeye kujua.

Huyo ndiye Nakhumicha. Anauza maharagwe na ndizi sokoni Myanga, na majirani husema siku akialikwa mbinguni atauliza kwanza ni nani wengine wamealikwa. Hakuzaliwa hivyo. Ni maharagwe yaliyomfundisha. Ukinunua maharagwe kwa gunia miaka thelathini, unajua kwamba yaliyo juu ni ya kuonyeshwa, na yaliyo chini ndiyo uliyonunua.

Alikuwa anatoka Sirisia kwa dada yake, alikokaa wiki tano akiuguza bega. Na alikuwa anakwenda kuona kitu alichojengewa akiwa hayupo.

Ukitaka kujua maisha ya Nakhumicha, fuata mahali alipooga. Akiwa msichana alioga mtoni na wenzake, mmoja akibaki juu ya jiwe kulinda njia. Alipoolewa na Makokha, karani wa chama cha wakulima, alioga nyuma ya nyumba, ndani ya ua wa mabua ya mahindi ambao ng'ombe waliula kila kiangazi. Makokha alipopanda cheo akamjengea bafu la mabati lenye sakafu ya simiti, nalo likaishi muda mrefu kuliko Makokha mwenyewe. Ni kwenye simiti hiyo, iliyolainishwa na sabuni ya miaka ishirini na sita, alipoteleza mwezi wa pili na bega likatoka mahali pake. Daktari alilirudisha. Kisha akamwambia kwamba mkono ule hautapanda tena kupita kifua, na kwamba akiangukia bega lile mara ya pili, hakuna atakayeweza kulirudisha.

Jentrix, binti yake aliyeolewa Kibomet huko Kitale, alilia kwenye simu. Kisha akapangusa machozi akaanza kutoa amri.

"Mama, kaa huko Sirisia. Tunakuwekea bafu ndani ya nyumba, kwa kile chumba cha magunia. Usirudi mpaka nikuambie."

Akaanza kutuma picha za mabafu ya siku hizi. Nakhumicha na dada yake walikuwa wakiinamia simu baada ya chai kama watu wanaotazama ajali.

"Hiki choo mbona hakina miguu?" dada yake akauliza. "Kimeangikwa ukutani kama kalenda!"

"Na tenki la maji liko wapi?"

"Jentrix anasema liko ndani ya ukuta. Ndiyo staili."

"Kitu kizuri hakifichwi ndani ya ukuta," Nakhumicha akasema.

Na vigae! Yeye alijua vigae vyeupe vidogo vya hospitali. Hivi vilikuwa vikubwa kama meza, rangi ya udongo wa kichuguu, having'ai. Mabomba yalikuwa meusi tii, kama yaliyotolewa motoni. Sakafu haikuwa na kizingiti. Maji yaliingia kwenye mfereji mwembamba kando ya ukuta, yakapotea ghafla.

"Rangi ya uchafu ili uchafu usionekane," akasema dada yake.

"Umeona? Hata wewe umeona."

Basi siku ile, baada ya kumfungulia kuku kamba, Nakhumicha aliingia kwenye kile kilichokuwa chumba cha magunia, akasimama.

Lilikuwa zuri. Siwezi kukudanganya, na yeye pia hakuweza kujidanganya. Vigae vya rangi ya kichuguu kutoka sakafuni hadi dari, choo kinachoelea, kioo chenye taa ya manjano hafifu pembeni, na chini ya shawa, benchi fupi lililojengwa kwa simiti na kuvishwa vigae. Harufu ilikuwa ya rangi mpya na mvua. Akaketi kwenye benchi. Miguu ilifika chini sawasawa, visigino na vidole. Akainua mkono wa kushoto bila kufikiri, na mkono ukaingia kwenye kishubaka kilichochongwa ukutani, mahali pa sabuni. Haukupanda, haukushuka. Uliingia tu, kama mkono unaoingia mfukoni.

Akauondoa mkono haraka.

Kishubaka kilikuwa kushoto. Mabafu yote ya kwenye picha yalikuwa na kishubaka upande wa kulia. Na kimo cha benchi kilikuwa kimo cha magoti yake. Mtu aliyejenga hapa aliketi, akafumba macho, akamwona Nakhumicha ameketi. Na Nakhumicha anayeketi mahali kama hapa, msomaji wangu, hana nguo.

Akatoka. Akafunga mlango. Akapiga simu Kitale.

"Jentrix, nani alifanya hili bafu?"

"Mama, umefika? Umelionaje? Si ni poa?"

"Nani alifanya?"

"Si nilikuambia, ni fundi Wabwile, wa huko Bungoma." Alijibu haraka, kama mtu aliyekuwa amelishika jibu mkononi muda mrefu. "Kwani kuna shida?"

"Wabwile alijuaje habari ya mkono wangu?"

"Nilimwambia."

"Na kimo cha magoti yangu ulimwambia pia?"

"Mama bana! Umeoga?"

"Nitaoga," akasema Nakhumicha, na jioni ile akachukua ndoo na kwenda kuoga kwenye bafu la mabati, ameshika ukuta.

Sasa ngoja nikueleze alichokuwa anaogopa, maana kama wewe si mtu wa Bungoma unaweza kucheka. Jentrix ameolewa na Muturi. Muturi ni mtoto wa watu waliotoka upande wa kati wa nchi na kupata mashamba Trans-Nzoia, na kazi yake ni mabafu. Wenye nyumba mpya za Kitale humngoja hata miezi miwili. Ni mkwe mwema. Hajawahi kumpandishia Jentrix sauti. Lakini kwao Muturi, mkwe akimpenda mama mkwe humletea kitu mkononi, wakaketi, wakanywa uji, mambo yameisha. Kwao Nakhumicha, Wabukusu, mama mkwe na mkwe hupendana kwa umbali. Hawapeani mkono. Hawalali chini ya paa moja. Mkwe hajui mlango wa bafu la mama mkwe unatazama wapi, na akijua, hujifanya hajui. Mara ya kwanza Muturi kufika Myanga alinyoosha mkono kusalimia, na Nakhumicha akaificha yake yote miwili nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari. Muturi akafundishwa, akashika. Tangu hapo Nakhumicha humwita Baba Mukami, kwa jina la mjukuu, na jina lake halisi halijawahi kupita mdomoni mwake.

Kama ni mkono wa Baba Mukami uliopima benchi lile, basi heshima imevunjika. Wazee wa pande mbili wataketi. Kondoo wa kutakasa atatafutwa. Na jambo lenyewe litasimuliwa mbele ya watu wote: kuoga kwa Nakhumicha, magoti ya Nakhumicha, sabuni ya Nakhumicha. Na bafu? Labda livunjwe. Na kama si yeye, basi yuko mama mmoja Myanga anayeoga kwenye simiti inayoteleza, na bega moja lililobaki na bahati moja, kwa sababu ya wasiwasi mtupu.

Asubuhi akaenda kwenye ua kumwona jirani yake, Sally, ambaye haachi kitu kipite barabarani bila kukiaga.

"Mama Jentrix, karibu nyumbani! Bafu nimesikia ni la wazungu."

"Mafundi walikuwa wangapi?"

"Wawili. Huyu Wabwile ninamjua. Mwingine sikumjua, alikuwa na kofia mpaka hapa," akaonyesha nyusi. "Huyo sasa alinishangaza. Nilipika chai, nikasema niwapelekee wanaume wa watu. Wabwile akanywa kwa sebule yako, miguu mbele, kama bwana wa nyumba. Yule mwingine akakataa kuingia. Alikunywa akisimama huko nje kwa gari."

"Alikataa kuingia sebuleni?"

"Alikataa! Na hata kwa bafu hawakupitia ndani. Walitoboa ukuta wa nyuma, wakapitisha vitu huko, wakaziba. Nikasema, hawa ni mafundi au ni wezi?"

"Na alikuwa mrefu?"

"Alikuwa ameinama kila saa, nitajuaje urefu?"

Nakhumicha alirudi nyumbani na mambo mawili yanayogombana kichwani. Fundi gani anakataa chai ya sebuleni? Fundi mwenye haraka. Au mkwe. Na mkwe gani anatoboa ukuta ili asipite kwenye nyumba ya mama mkwe, kisha anaingia bafuni kwake? Hapo akili ilikuwa inakwama, kama gari kwenye tope la Mei: ikisukumwa mbele, inazama.

Akamwita Wabwile. Alimwambia kwa simu kwamba kuna kigae kinalia maji. Uongo, lakini maharagwe humiminwa ndipo yaonekane ya chini.

Wabwile alifika na pima maji kwapani, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye kucheka.

"Sasa Mayi!" akasalimu, kwa neno la Kibukusu la mama. "Mkono?"

"Mkono upo. Kigae ni hicho cha chini ya sinki."

Wabwile akapiga magoti, akageuza mpini wa mwiko akaanza kugonga vigae kimoja kimoja, kichwa kimeinama akisikiliza. Mafundi hujua hivyo: kigae kilichokaa vizuri hutoa sauti nzito, na kilichowekewa simiti haba hulia kama debe. Alikigonga cha chini ya sinki. Akagonga jirani yake. Akaendelea mpaka ukutani, amesahau kwamba alikuja kutafuta kosa, na uso wake ukaanza kulegea kama wa mtu anayesikia kwaya.

"Hakuna hata kimoja kitupu," akasema polepole. "Aisee. Hata kwa kona!"

"Mbona unashangaa? Si ni kazi yako?"

Mwiko ukasimama hewani.

"Ni yangu, Mayi. Kweli kabisa. Mtu anaweza kujishangaa."

"Haya, fundi uliyejishangaa. Tenki la choo likiharibika ndani ya huu ukuta, utalifikia wapi?"

Wabwile akatazama ukuta. Akatazama kile kibao cheusi cha kusukumia maji. Akakivuta upande, hakikutoka. Akakivuta chini, hakikutoka. Nakhumicha akasogea, akakisukuma juu kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kama alivyoona kwenye picha moja ya Jentrix, nacho kikachomoka kama kifuniko cha sufuria.

"Ziko za aina nyingi," Wabwile akasema.

"Ziko."

"Mimi nilifanya sana sakafu."

"Na ukuta?"

"Mayi, si nimechelewa kazi ya Chwele." Akaokota pima maji yake, akatoka kwa hatua za mtu anayeacha mbwa mlangoni. Chai hakunywa, na Wabwile si mtu wa kuacha chai.

Siku nne nyingine Nakhumicha alioga kwenye mabati. Siku ya nne mguu wa kushoto ukateleza kidogo, si zaidi ya upana wa kiganja, akashika msumari wa ukutani na kubaki amening'inia hapo akipumua, maji ya ndoo yakimwagika miguuni. Kiganja kilitoka damu. Kesho yake akafunga safari ya Kitale.

Alichagua siku ya kazi, saa ambayo Baba Mukami hayupo. Jentrix alimkuta kwenye lango, akashtuka, akafurahi, akashtuka tena.

"Mama, bila hata kupiga simu?"

"Nimeleta ndizi. Ndizi hupiga simu?"

Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa ile, Nakhumicha hajawahi kuingia bafu la binti yake. Akibanwa, huenda kwa jirani. Lakini siku hiyo baada ya chai aliinuka, akaenda kwenye korido, akasimama nje ya mlango wa bafu, vidole vya miguu nyuma ya kizingiti kama mtu anayetazama shimo.

"Fungua. Siingii. Nataka kuona tu."

Jentrix akafungua.

Vigae vya hapa vilikuwa vya kijani kibichi cha majani ya ndizi, vidogo, vimesimamishwa wima. Jentrix alisema ndiyo fasheni mpya Kitale. Hakuna kilichofanana na bafu la Myanga. Isipokuwa pembe. Mafundi wengi, kuta mbili zinapokutana, huweka kipande cha plastiki kuficha kingo. Hapa hakukuwa na plastiki. Kingo za vigae zilikuwa zimechongwa mshazari, moja ikalala kwenye nyingine, mpaka ukipitisha ukucha haukwami. Nakhumicha aliijua pembe hiyo. Alikuwa ameipitishia ukucha nyumbani kwake mara ishirini.

"Hii pembe ni ya nani?"

"Ni ya Baba Mukami."

"Na ile ya kwangu?"

Jentrix alifunga mlango taratibu kabla ya kujibu. "Wabwile alijifunza kazi kwa Baba Mukami, Mama. Miaka miwili. Mwanafunzi huandika kama mwalimu wake."

"Wabwile hajui hata kufungua tenki alilolizika mwenyewe."

"Mama."

"Na huyo wa kofia, aliyekunywa chai nje kwa gari?"

"Mama, keti."

Nakhumicha hakuketi. Basi Jentrix naye akabaki amesimama, wakawa wawili kwenye korido nyembamba, mama na mtoto, wanafanana paji la uso na ubishi.

"Nisikilize," Jentrix akasema, sauti imeshuka. "Umeniuliza mara moja, nimekujibu. Wewe ndiye ulinifundisha nisimdanganye mzazi mara mbili. Ukiniuliza tena nitakuambia kweli, hata iwe gani. Halafu ukishajua, umeshajua. Huwezi kurudisha. Kwa hivyo kabla hujauliza, fikiria kama unataka kuuliza."

"Hilo ni jibu tayari."

"Si jibu. Hata kama ni Wabwile, ningesema hivyo hivyo, kwa sababu nimechoka kuulizwa."

Unaona alivyolelewa? Alilelewa na mama wa maharagwe. Nakhumicha alimtazama usoni akitafuta ya chini, na kwa mara ya kwanza hakuyaona.

Honi ikalia nje, mara mbili, fupi. Baba Mukami alikuwa amesahau mashine ya kukatia vigae. Alipoona viatu vya mama mkwe mlangoni hakuingia. Alikwenda mpaka kwenye ua wa maua, akageuza mgongo, akasimama akiitazama barabara ya Kibomet kana kwamba imejengwa leo. Nakhumicha alipita na mfuko wake akielekea langoni, akitazama upande wa pili. Baina yao palikuwa na hatua kumi na mti wa mparachichi.

"Mama, habari ya siku nyingi," akasema Muturi akiuambia ua.

"Ni njema, Baba Mukami," Nakhumicha akaliambia lango.

"Mkono unaendeleaje?"

"Unaendelea."

Kisha Muturi akasema polepole, kama mtu anayechagua mahali pa kukanyaga: "Watu wanasema baridi ya asubuhi ni mbaya kwa bega. Maji ya moto yanasaidia. Bora mtu aketi, asisimame."

Nakhumicha alisimama na mkono kwenye komeo. Bora mtu aketi. Neno ambalo daktari yeyote angesema. Neno ambalo mtu aliyejenga benchi angesema. Aligeuka nusu, akaona mgongo tu, shati limepauka mabegani, na mikono imefichwa yote miwili mbele ya tumbo asiione, kama yeye alivyoificha yake siku ile ya kwanza.

"Asante kwa shauri," akasema, akaenda zake.

Sasa ni asubuhi, Myanga. Mvua imenyesha usiku, na simiti ya bafu la mabati inang'aa kijani. Nakhumicha amesimama kwenye korido ya nyumba yake, taulo begani, sabuni mkononi. Mbele yake ni mlango wa bafu jipya. Amefungua shawa, anasikia maji ya moto yakigonga benchi, na mvuke umeanza kutoka chini ya mlango. Kwenye dirisha, simu iko wazi, jina la Jentrix limetokea, limebaki kubonyezwa. Akiuliza na ikawa ni Wabwile, ataoga leo na kila siku, na moyo mweupe. Akiuliza na ikawa ni yule mwingine, hataoga humu kamwe, na binti yake atamwita mumewe mbele ya wazee. Asipouliza, maji ni ya moto, bega lipo, na kila atakapoweka sabuni kwenye kishubaka mkono wake utauliza badala yake.

Anatazama simu. Anatazama mlango. Maji yanaendelea kumwagika bure, na Nakhumicha si mtu wa kuacha kitu kimwagike bure.

Ungekuwa wewe, msomaji wangu, umeshika sabuni, ungeuliza?